KIPIMO CHA UTUMBO MPANA: MPIRA UKIKWAMA NJIANI, KAZI HAIJAISHA

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza habari za mishahara, mikataba na usalama wa mashine. Safari hii tunazungumza habari za tumbo. Msishangae. Afya ya mfanyakazi ikiharibika, mkataba mzuri haumfai kitu.

Habari yenyewe imetokana na jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Uganda. Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha sukari, fundi wa boila mwenye miaka hamsini na miwili, alianza kuchoka ovyo. Ngazi ya boila aliyokuwa akiipanda kwa mbio akawa anaipanda kwa kupumzika mara mbili. Zahanati walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Damu ikapanda kidogo, kisha ikashuka tena. Mwishowe daktari mmoja akaandika kwamba utumbo wake mpana uangaliwe kwa kipimo kinachoitwa kolonoskopi. Kipimo hicho ni ghali. Tulipitisha mchango katika zamu zote tatu, ndugu yetu akaenda mjini, akapimwa, akarudi akatuambia: "Wameangalia, hawakuona kitu." Tulifurahi. Risiti na karatasi ya majibu tukazitia katika jalada la ofisi ya tawi ili tudai fedha kwa mwajiri.

Miezi minane baadaye alianguka kazini. Tulipofungua jalada ndipo mmoja wetu alipoisoma karatasi ile yote kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na mstari wa chini ulisema kwamba mpira ulifika kwenye kona iliyo karibu na wengu, ukakwama hapo, na kipimo hakikukamilika. Yaani sehemu kubwa ya utumbo haikuangaliwa kabisa. Maneno "hawakuona kitu" yalikuwa kweli kwa sehemu iliyoangaliwa tu. Katika hospitali ya pili daktari alifika mwisho, akakuta saratani katika utumbo wa upande wa kulia. Ndugu yetu alipasuliwa. Yuko hai, na sasa anafanya kazi ya stoo, lakini ile miezi minane hairudi. Aliyempima hakumweleza vizuri, yeye hakuuliza, na sisi tuliokuwa na karatasi mkononi tulitazama jumla ya fedha tu. Lawama ni yetu sote.

Tangu siku hiyo tumewauliza madaktari na wauguzi kwa nini mpira hukwama, na hufanywa nini ukikwama. Tunaandika hapa tuliyoelezwa. Hatuandiki ili mfanyakazi aende kumfundisha daktari kazi yake. Tunaandika ili kila mmoja ajue kwamba kipimo kilichokwama hakijaisha, na kwamba njia za kukimaliza zipo.

UTUMBO MPANA NA NJIA YA MPIRA

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama mita moja na nusu. Unaanzia chini upande wa kulia wa tumbo, pale utumbo mwembamba unapoingia, karibu na kidole tumbo. Kutoka hapo unapanda hadi chini ya ini, unapiga kona ya kwanza, unavuka tumbo kwenda kushoto hadi karibu na wengu (wengine huita bandama), unapiga kona ya pili, unashuka upande wa kushoto, halafu unajipinda kama nyoka ndani ya nyonga kabla ya kufika kwenye njia ya haja kubwa.

Mpira wa kolonoskopi una unene kama wa kidole. Kwenye ncha yake una taa na kamera, na ndani yake mna njia za kupitishia maji, hewa na vyombo vidogo. Daktari huuingiza kwa nyuma na kuupeleka kinyume cha njia ya chakula: kwanza sehemu iliyojipinda, kisha kona ya wengu, kisha kona ya ini, hadi mwanzo wa utumbo mpana chini kulia. Hapo ndipo mwisho wa safari.

Mpira huu hautazami tu. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walionyesha mwaka 1969 kwamba kinyama kilichoota ndani ya utumbo kinaweza kukatwa kwa waya uliopitishwa ndani ya mpira huo huo, bila kumpasua mtu tumbo. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo visivyouma, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka. Kinyama kikikatwa mapema, saratani ile haipati mahali pa kuanzia. Lakini kinyama kilichoko upande wa kulia hakiwezi kukatwa na mpira ulioishia kushoto.

KWA NINI MPIRA HUKWAMA

Fundi umeme yeyote anajua habari hii. Ukisukuma waya ndani ya paipu yenye kona nyingi, mwanzoni unakwenda vizuri. Ukifika kona ya pili au ya tatu, unasukuma nyuma lakini mbele hausogei. Nguvu yako inaishia katika kuupinda waya. Sasa fikiria paipu yenyewe ni laini, inanyumbuka, na haikufungwa ukutani kwa klipu. Ndivyo ulivyo utumbo. Sehemu nyingine zimeshikwa imara, na nyingine zinaning'inia na kucheza. Daktari akisukuma, sehemu zinazocheza hunyooka kuelekea juu na kufanya kitanzi. Mpira unaingia mwilini, ncha haiendi mbele. Wakati mwingine ncha hata inarudi nyuma huku daktari anasukuma. Hicho kitanzi ndicho kinachouma, maana kinavuta utando unaoushikilia utumbo.

Madaktari walitueleza kwamba shida ni za aina mbili, na zisichanganywe, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

Shida ya kwanza ni utumbo uliobana na kushikamana. Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, hasa mama aliyetolewa kizazi, anaweza kuwa na makovu yanayoufunga utumbo mahali pamoja, ukawa na kona kali isiyofunguka. Ugonjwa wa muda mrefu katika utumbo nao huweza kuacha mahali pamekaza.

Shida ya pili ni kinyume chake: utumbo mrefu mno, unaolegea na kufanya vitanzi vingi. Mtu mwenye choo kigumu kwa miaka mingi mara nyingi huwa hivi. Sisi wa sehemu hizi za Afrika tuna sababu ya kuijua shida hii, maana ugonjwa wa utumbo kujisokota, ambao hutokea pale utumbo ulio karibu na nyonga unapokuwa mrefu na kulegea, unaonekana kwetu mara nyingi kuliko Ulaya Magharibi. Ngiri kubwa nayo huweza kuumeza utumbo na kuuharibia mpira njia.

Tena iko sababu ya tatu, nyepesi kuliko zote, nayo ni uchafu. Tuanze na hiyo.

KAZI YA KWANZA NI YA MGONJWA

Kamera haioni ndani ya tope. Vipimo vingi vinavyokatishwa hukatishwa kwa sababu utumbo haukusafishwa, na hapo mbinu zote za daktari hazisaidii. Kwa hiyo nusu ya kazi iko kwetu.

Siku mbili au tatu kabla ya kipimo, acha maharage, mahindi, mboga za majani, karanga na matunda yenye mbegu. Mbegu huziba njia za mpira. Siku moja kabla, kunywa vitu vyepesi vinavyopitisha mwanga: chai ya rangi, maji, supu iliyochujwa, maji ya matunda yaliyochujwa. Usinywe kinywaji chekundu, kwa sababu kinafanana na damu. Mtu anayetumia vidonge vya kuongeza damu amwambie daktari mapema, kwa kuwa kwa kawaida husimamishwa kama juma moja kabla. Madini ya chuma yaliyomo huufanya uchafu uwe mweusi na wa kunata, ukutani hautoki. Ndugu yetu wa boila alivimeza hadi asubuhi ya kipimo, maana hakuambiwa. Mgonjwa wa kisukari na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande wasibadilishe dawa zao wenyewe. Wamwulize daktari.

Dawa ya kusafisha ni maji mengi yaliyochanganywa na unga maalumu, mara nyingi lita mbili hadi nne. Zamani watu waliinywa yote jioni. Siku hizi imethibitika kwamba ni bora kuigawa: nusu jioni, na nusu nyingine asubuhi ya kipimo, saa nne hadi sita kabla ya kupimwa, na kumaliza kuinywa saa mbili kabla, isipungue hapo. Sababu yake ni kwamba usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kushusha uchafu katika upande wa kulia, na dawa ya asubuhi ndiyo inayouondoa. Anayeinywa yote jioni huamka kushoto kukiwa safi na kulia kukiwa na tope. Utajua umesafika choo kinapotoka maji ya njano yasiyo na chembe, kama mkojo.

MBINU ZA DAKTARI

Sasa tuje chumbani. Mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, amepewa dawa ya kumtuliza au ya usingizi, na mpira umeingia. Daktari hodari akifika mahali pagumu hafanyi kama mtu anayesukuma gari lililozama matopeni. Hizi ndizo njia alizonazo.

1. Kurudi nyuma ili aende mbele. Hii ndiyo mama wa mbinu zote. Kitanzi kikifanyika, daktari huuvuta mpira nyuma polepole huku akiuzungusha, mara nyingi kuelekea kulia. Kitanzi kinafunguka, mpira unanyooka, na utumbo unajikunja juu ya mpira kama mkono wa shati unavyojikunja juu ya mkono wa mtu. Ukitaka kujua nguvu ya mbinu hii tazama vipimo: utumbo una urefu wa mita moja na nusu, lakini mpira ulionyooka vizuri hufika kona ya wengu kwenye sentimita 50 hivi, na kufika mwanzo wa utumbo mpana kwenye sentimita 70 hadi 80. Kwa hiyo, kama sentimita 120 zimeingia na ncha bado iko kushoto, dawa si kuongeza kusukuma. Kitanzi kifunguliwe kwanza.

2. Kupunguza hewa. Ili kamera ione, utumbo hujazwa hewa kidogo. Hewa ikizidi, utumbo unarefuka kama mpira wa baiskeli uliojazwa kupita kiasi, na kona zinakuwa kali. Daktari huinyonya itoke, na kona inamsogelea yenyewe. Hospitali nyingine hutumia maji badala ya hewa wakati wa kuingia. Maji yana uzito, huulaza utumbo chini na kulegeza vipindo, na mgonjwa haumii sana. Nyingine hutumia gesi ya kaboni daioksaidi, ambayo mwili huinyonya upesi, hivyo tumbo halibaki limejaa baada ya kipimo.

3. Kumgeuza mgonjwa. Hii haigharimu hata senti moja. Mtu akigeuzwa kutoka ubavu wa kushoto akalala chali, au ubavu wa kulia, uzito wa matumbo unahama na kona iliyokuwa imefungwa inafunguka. Ubavu wa kulia husaidia sana kwenye kona ya wengu, ile ile iliyomkwamisha ndugu yetu. Wengine hulazwa hata kifudifudi. Kwa hiyo muuguzi akikuambia geuka, geuka bila kunung'unika, hata kama una usingizi.

4. Mkono juu ya tumbo. Muuguzi huweka kiganja chake juu ya tumbo, mara nyingi chini upande wa kushoto, ili kuizuia sehemu inayocheza isifanye kitanzi tena. Ni kama mtu anayeishikilia ngazi isiyumbe huku mwenzake anapanda. Mkono hausukumi mpira, unaufanyia ukuta tu. Tena ubonyezwe baada ya mpira kunyooshwa. Kubonyeza juu ya kitanzi ambacho hakijafunguliwa kunamwumiza mgonjwa bure.

5. Kuvuta pumzi. Mgonjwa aliye macho anaweza kuambiwa avute pumzi ndefu na kuishikilia. Pumzi inashusha kiwambo kilicho chini ya mapafu, nacho kinaisukuma kona ya ini chini, na mara nyingine inatosha kuipitisha ncha.

6. Kubadilisha mpira. Hapa ndipo zile aina mbili za shida zinapoachana. Kwa utumbo uliobana, daktari huchukua mpira mwembamba zaidi, kama ule uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, au hata ule wa kuangalia tumbo la juu. Mwembamba unapita kona kali ambayo mnene hauwezi. Kwa utumbo mrefu unaolegea, mpira mwembamba huenda ukazidisha vitanzi. Huko kunatakiwa mpira unaoweza kukazwa uwe mgumu, au mrefu zaidi, au wenye puto. Mpira wa puto ulibuniwa Japani na daktari Hironori Yamamoto, aliyeutangaza mwaka 2001 kwa ajili ya utumbo mwembamba. Puto hujazwa hewa ikaushika utumbo kwa ndani, mpira ukavutwa na kunyooka, halafu ukasogea tena. Ni chombo cha hospitali kubwa.

7. Kusikiliza maumivu. Mtu mwenye usingizi mwepesi akilia kwa maumivu, mara nyingi anamwambia daktari kwamba kitanzi kimefanyika. Asiaibike kusema. Na daktari akiona mbinu zote zimegonga mwamba, kusimama si aibu. Mpira ukilazimishwa huweza kuutoboa utumbo. Jambo hilo ni la nadra, chini ya mtu mmoja katika elfu moja, lakini likitokea ni la hatari. Daktari aliyesimama kwa usalama hatumlaumu. Tunamlaumu yule anayesimama, halafu hasemi.

MBINU ZIKISHINDIKANA SIKU HIYO

Kushindwa kwa siku moja si hukumu. Kama sababu ilikuwa uchafu, mgonjwa husafishwa upya na kupimwa tena. Kama ilikuwa kitanzi au kona, hupelekwa kwa daktari mwenye uzoefu zaidi, na mara nyingi huyo hufika mwisho kwa mbinu zile zile tulizozitaja, akiwa na muda na mpira unaofaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi wetu. Daktari wa pili alimlaza ubavu wa kulia, akabadilisha mpira, akapita.

Njia nyingine ni picha za siti skani, ambapo utumbo hujazwa hewa na kupigwa picha nyingi ambazo mashine huziunganisha. Palipo na eksirei tu, dawa nyeupe ya bariamu huweza kuingizwa kwa nyuma na picha kupigwa, ingawa hiyo huona machache zaidi. Picha hazikati kinyama. Zikionyesha kitu, bado mpira au upasuaji utahitajika. Lakini ni afadhali picha kuliko nusu ya utumbo kubaki gizani.

Iko hali moja ya kuangaliwa kwa makini: kama mpira ulikwama kwa sababu uvimbe umeziba njia. Hapo mgonjwa hutibiwa uvimbe huo, lakini utumbo ulio nyuma yake nao uangaliwe, ama kwa picha kabla ya upasuaji, ama kwa mpira katika miezi mitatu hadi sita baada yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na vinyama mahali pawili.

KUFIKA MWISHO NI NUSU YA SAFARI

Daktari anajua kwamba amefika anapokiona kitundu cha kidole tumbo na mlango wa utumbo mwembamba. Alama hizo mbili huandikwa, na inafaa zipigwe picha. Baada ya hapo huanza kurudi, na uangalizi wenyewe hasa ndio huo. Nyuma ya kila mkunjo kinaweza kujificha kinyama. Kurudi huko kusipungue dakika sita.

Wataalamu wa Ulaya waliandika mwaka 2017 kwamba mahali pa kupimia panapofaa hufika mwisho si chini ya mara 90 katika kila mara 100, na lengo liwe mara 95. Maana yake ni kwamba hata mabingwa hukwama mara chache. Kukwama kumo katika hesabu. Kutomweleza aliyekwamiwa hakumo.

NANI ANAHUSIKA

Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi hapa Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika waliokula chakula kisichokobolewa. Maneno hayo yalikuwa kweli kwa wakati wake, lakini yasitulaze usingizi. Ugonjwa huu siku hizi unaonekana kwetu zaidi kuliko zamani, na kwa watu ambao hawajazeeka.

Dalili za kwenda nazo hospitali ni hizi: damu katika choo, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, kukonda bila sababu, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, na damu kupungua bila sababu inayojulikana. Hii ya mwisho ndiyo ya hila. Saratani ya upande wa kulia mara nyingi hutoa damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho, na mtu huona uchovu tu.

Hatusemi kila damu ni saratani. Kuna bawasiri, kuna ameba, na kwa ndugu zetu wanaokaa na kufanya kazi kandokando ya maziwa kuna kichocho cha tumbo. Lakini mtu akitibiwa bawasiri au ameba mara mbili, tatu, na damu ikarudi, aache kununua dawa dukani. Aombe kuangaliwa ndani. Na wale wanaocheka katika kambi za shamba kwamba mwanamume hapimwi kwa nyuma, tunawaambia wazi: kicheko hicho kinaua.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kipimo mweleze daktari kama uliwahi kupasuliwa tumbo, kama una ngiri, na kama kipimo cha kwanza kilikwama. Kama kilikwama, chukua karatasi ile ya kwanza. Itampa daktari wa pili habari ya mahali na sababu, naye atatayarisha mpira unaofaa tangu mwanzo.

Baada ya kipimo uliza maswali manne, na msindikizaji wako awepo, maana dawa ya usingizi husahaulisha:

Je, mpira umefika mwanzo wa utumbo mpana?
Kama haukufika, uliishia wapi na kwa nini?
Je, utumbo ulikuwa safi kiasi cha kuonekana vizuri?
Sasa nifanye nini, wapi, na lini?

Majibu yaandikwe. Kama karatasi ni ya Kiingereza na huelewi, ilete ofisini kwetu. Tumeamua kwamba kila karatasi ya hospitali inayoletwa tawini kwa ajili ya madai itasomwa yote mbele ya mwenyewe, na asomewe kwa lugha anayoielewa.

MAHALI PA KAZI

Kipimo hiki kinahitaji siku mbili, si moja. Siku ya kunywa dawa mtu hawezi kusimama kwenye mkanda wa mashine wala kukata miwa akiwa mbali na choo. Wawakilishi wa wafanyakazi wamweleze nyapara mapema bila kutaja ugonjwa wa mtu mbele ya watu. Kwa wanaokaa kambini, ambako choo kimoja ni cha nyumba nyingi, majirani waombwe kumwachia mgonjwa nafasi usiku huo. Au apate mahali pa kulala karibu na hospitali, kama tulivyofanya mara ya pili kwa ndugu yetu. Mara ya kwanza alikunywa nusu ya dawa tu, kwa kuona aibu ya kutoka nje kila mara.

Aliyepewa dawa ya usingizi asiendeshe trekta, gari wala mashine yoyote kwa saa ishirini na nne, hata akijiona ana nguvu. Msimamizi anayemwita zamu ya usiku siku hiyo hiyo anatafuta ajali.

Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo si chini ya mwezi mmoja, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Lazima amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na awe na cheti cha daktari kikitakiwa. Kwa hiyo usiondoke hospitali bila barua yenye tarehe za siku zote mbili.

Ndugu wafanyakazi, fundi wa boila hawezi kuangalia mirija ya upande mmoja tu kisha akaandika kitabuni kwamba boila ni nzima. Akifanya hivyo tutamfukuza sisi wenyewe kabla ya mwajiri. Basi tusikubali miili yetu iandikiwe hivyo. Atakayerudi kutoka hospitali akisema "hawakuona kitu", tumpongeze, tumpe kiti, halafu tumwulize: walifika mwisho?